Kapa Aliyekalia Maneno Yake Relini

Skripti ilidondoka pale kwenye njia panda ya reli, mbele ya duka la samaki, na tramu namba tatu imeshona watu mpaka milangoni.

Kapa Zubova alikuwa ameshuka kugeuza reli kwa mtaimbo. Swichi ya pale ilishakufa zamani. Dereva anashuka mwenyewe, anachomeka chuma, anasukuma kwa paja na kwa matusi, reli inahama, anarudi kwenye kiti chake. Kazi ya kila siku. Ila siku hiyo alikuwa ameichomeka skripti ya mchezo wake kifuani, ndani ya koti la pamba, ili kila taa nyekundu aichungulie kidogo. Akainama. Skripti ikateleza. Paa! Chini, kwenye theluji iliyokorogeka na tope na grisi.

"Ee Mungu," akasema Kapa. "Leo? Leo hii?"

Mjini Starovolsk, ukiwa mtu wa jukwaani ukadondosha maneno yako, huyaokoti hivi hivi. Unayakalia kwanza, hapo hapo yalipoangukia, iwe zuliani, iwe ngazini, iwe chooni. Usipoyakalia, jioni yanakudondoka mdomoni mbele za watu. Hakuna mwigizaji mji ule asiyelijua hilo, na hakuna aliyethubutu kujaribu aone kama ni uongo. Na pazia la Kapa lilikuwa linafunguliwa jioni ile ile.

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakunja koti, akakaa. Makalio chini, juu ya skripti, katikati ya reli, mtaimbo mkononi kama fimbo ya askofu.

"Kapa!" Rimma, kondakta wake, akaning'inia mlangoni na mkoba wake wa tiketi. "We Kapa! Umeanguka?"

"Sijaanguka! Imeanguka!"

"Nini?"

"Skripti! Maneno ya mshenga wangu!"

Rimma akajipiga kofi la shavu. "Basi kaa vizuri, shoga! Usiinuke nusu nusu!"

Ndani ya tramu watu wakaanza. Jamaa mmoja mwenye kofia ya manyoya akapaza sauti, "Sisi tunachelewa kazini, yeye anataga mayai?"

"Shuka utage wewe, baba, nione!" Kapa akamjibu bila kugeuka.

Bibi mmoja aliyevaa shada la vitunguu shingoni kama mkufu akamgeukia yule jamaa. "Muache! Jioni anacheza mchezo wa Lyzhin huyo! Dada yangu alidondosha maneno yake kwenye ndoo ya matango, akaona haya kukaa. Alipopanda jukwaani akasahau mpaka jina la mume wake."

"Mume wa kwenye mchezo?"

"Mume wa nyumbani!"

Tramu nzima ikacheka. Nyuma, tramu ya pili ilishafika inapiga kengele, na ya tatu nyuma yake. Na kutoka ile ya pili akashuka Taras Lukich Gurin, mkuu wa karakana ya tramu, ambaye kwa bahati mbaya ya mtu fulani gari lake liliganda asubuhi ile akaamua kupanda na wananchi. Alikuja taratibu, tumbo mbele, funguo zikilia kiunoni.

"Zubova."

"Naam, Taras Lukich."

"Umekaa juu ya reli."

"Nimekaa juu ya skripti, Taras Lukich. Reli iko chini yake."

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo alipoharibu. Bosi atakusamehe kuchelewa, atakusamehe hata kugonga mkokoteni wa maziwa, lakini kumfanya achekwe mbele ya abiria wake, hapo hakuna msamaha.

"Ukimaliza zamu, ofisini kwangu," akasema Gurin. "Na usiku wa leo unaendesha gari la theluji."

Kapa akaisikia baridi ya reli ikimpanda mpaka kooni. Gari la theluji ni lile kuukuu lenye brashi kubwa mbele, linatoka jioni linafagia reli mpaka asubuhi. Na jioni ndiyo pazia.

Huyo Lyzhin aliyetajwa na bibi wa vitunguu si mtu wa kuonekana tena. Parfyon Lyzhin alishazikwa kabla tramu ya kwanza haijawekwa mji ule. Alikuwa mwana wa karani, akaandika michezo ya jukwaani kuhusu wafanyabiashara na washenga na mabinti wasio na mali, mingi mno, mpaka wenye mali wa mji wakawa wanaogopa kugombana sokoni asije akawasikia. Kila mtoto wa Starovolsk analazimishwa kumsoma. Kapa naye alilazimishwa, akamchukia, akalalia kitabu chake darasani mpaka mate yakakifuta jina. Hata hivyo shuleni hakudumu. Darasa la nane alimpiga kibao mwalimu wa mazoezi aliyemwita punda, na yakaishia hapo.

Akaenda karakana, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa fundi pale. Akafagia, akapaka grisi, akajifunza kuendesha. Akaolewa na fundi umeme, wakaachana. Watu wanasema alimmwagia supu ya kabichi, mwenyewe anasema ilikuwa imeshapoa. Hivyo ndivyo alivyo. Mikono yake haina shida. Mdomo ndio una mwendo wa peke yake.

Na mdomo ndio uliompeleka jukwaani. Ilikuwa jioni ya dansi, wasichana wa karakana wamejipamba, wakafika Jumba la Utamaduni wakakuta ukumbi umechukuliwa na kikundi cha maigizo. Kapa akasimama kwenye korido akawatukana waigizaji, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Mlango ukafunguka. Akatoka mzee mwembamba mwenye skafu, Venyamin Osipovich, mwongozaji wao, mwigizaji mstaafu.

"Nani anasema?" akauliza yule mzee.

"Mimi! Kwani vipi?"

"Rudia lile la mwisho. Lile la mbuzi na ndevu. Ila ukifika kwenye ndevu, usikimbie. Subiri kidogo."

Kapa akarudia. Akasubiri kidogo. Korido nzima ikacheka, waigizaji na wacheza dansi. Kitu kikamshika tumboni hapo, mtu ambaye hajawahi kushikwa nacho hawezi kuelezwa.

Miaka ile ya kwanza alibeba viti. Akawa kelele za umati nyuma ya pazia. Akawa mgeni wa pili anayesema "Karamu ni njema" na kutoka. Mwaka uliopita alipewa sehemu nzuri, akagombana na mshona nguo, akanyang'anywa. Lakini alikuwa ameanza kumsikia yule Lyzhin. Siku moja mazoezini alisikia mama mkwe wa kwenye mchezo akiapiza, akashtuka akasimama. Yale yalikuwa maapizo ya mama yake mzazi, neno kwa neno, yale ya kurushiwa mwiko. Mama yake ambaye hajawahi kushika kitabu! Sasa nani kamwiga nani? Tangu siku hiyo akawa anasoma kwenye taa nyekundu.

Halafu ikaja hii. Ukumbi mkubwa wa mji, ule wa viti vya mahameli, ukawapa wafanyakazi usiku mmoja kwa heshima ya kuzaliwa kwa Lyzhin. Mchezo ni wa mfanyabiashara wa mishumaa, Sysoy Kulagin, asiyetaka kumtoa binti yake wala mali ya kumsindikiza, na mshenga Ustinya anayemzunguka mpaka anakubali. Venyamin Osipovich mwenyewe ndiye mfanyabiashara. Na mshenga?

"Zubova," mzee alisema.

Ndiyo maana saa ile, zamu imekwisha, Kapa akiwa kwenye korido ya karakana, mlangoni kwa Gurin, na skripti ya matope kwapani, Rimma alimshika mikono yote miwili.

"Usimtukane. Nakuomba, shoga. Kama unanipenda, usimtukane."

"Nitamwambia ukweli tu."

"Ukweli wako wote una mama yake mtu ndani."

"Akininyima leo nitamwambia na wa bibi yake!"

"Ndiyo hivyo atakunyima mpaka mwakani! Kapa, meza mate. Meza. Haya, ingia."

Kapa akaingia mdomo umejaa. Gurin alikuwa nyuma ya meza anabangua mbegu za alizeti, maganda ameyapanga kwenye gazeti, funguo amezitandaza mbele ya tumbo. Hakuinua macho. Alikuwa anasubiri kuombwa. Unamjua mtu anayependa kuombwa? Anakaa kwanza, anajipa raha, anakuangalia kama paka anavyoangalia dirisha la samaki.

Na Kapa akamwona. Akamwona vizuri kabisa, kama mtu aliyewashiwa taa. Huyu si Gurin. Huyu ni Sysoy Kulagin! Huyu hapa, na tumbo lake, na funguo zake, amekalia mishumaa!

Matusi yakarudi chini yenyewe. Kikapanda kitu kingine.

"Taras Lukich, baba yangu," akasema, na Rimma kule mlangoni akashtuka, maana sauti ile hakuijua. "Mimi sikuja kuomba."

Gurin akainua macho. "Hukuja kuomba? Umekuja kufanya nini?"

"Anayeomba ana mkono mtupu. Mimi nimekuja kukuokoa."

"Na nini?"

"Na midomo ya watu. Mlango ukiufunga kwa kishindo, baba, unamfungia nani? Aliye nje anakwenda zake. Aliye ndani ndiye anayebaki na giza. Kesho mji mzima utasema, fulani ana funguo za kila kitu kiunoni, ila ule wa moyo wake aliupoteza."

Mkono wa Gurin ukagusa funguo bila yeye kujua. "Unanitisha, Zubova?"

"Nakusifu! Mtu mdogo nani atamsema? Kunguru hakai juu ya kichaka, anakaa juu ya mnara." Kapa akasogea hatua, akapunguza sauti, akasubiri kidogo kama alivyofundishwa. "Basi nikae au niende? Sema neno moja tu. Na lisiwe 'hapana', baba. 'Hapana' hata mbwa anaweza kuibweka."

Gurin ana mbegu kati ya meno, amesahau kuibangua. Akawa mwekundu kuanzia shingoni, ukapanda ule wekundu mpaka masikioni.

"Potea mbele yangu kabla sijabadili nia!"

Nywele zikamsimama Kapa. Maana hilo ndilo jibu la mfanyabiashara kwenye mchezo, hilo hilo, na Gurin toka shule hajafungua ukurasa wa Lyzhin. Kapa alikuwa ameshageuka kukimbia pale mkuu alipoongeza, na hili halikuwa kwenye mchezo:

"Simama. Usiku namweka mwingine. Ila nakuja mwenyewe kukutazama. Umenisimamishia tramu tatu kwa ajili ya karatasi, nataka nione hiyo karatasi ina nini. Usipokwama, unafagia theluji alfajiri ya kesho tu, adhabu imekwisha. Ukikwama, hata mara moja, gari la theluji ni lako mpaka theluji ya mwisho iyeyuke, na maigizo utayaota!"

Nje, Rimma alimrukia shingoni. "Umempa nini? Umempa nini yule?"

"Nimempa Lyzhin!" Kapa alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Kamla mzima mzima, Rimma! Kamla na mifupa!"

Jioni theluji ilianza upya. Mbele ya ukumbi mkubwa Lyzhin wa shaba amekaa kwenye kiti, bilauri ya chai mkono mmoja, mkono wa pili wazi gotini. Mwigizaji wa mara ya kwanza ukumbini humo anamwekea kipande cha sukari kwenye huo mkono. Kapa alifika mbio, akaweka.

"Kunywa chai, mzee. Mimi unikumbuke tu."

Nyuma ya jukwaa Venyamin Osipovich alikuwa ameshabandikwa ndevu. Akaitazama ile skripti, nyeusi, imelowa, ina alama ya reli katikati.

"Uliikalia?"

"Relini, Venyamin Osipovich. Mbele ya duka la samaki."

Mzee akamshika kichwa akambusu paji la uso. "Mwanangu, mimi nimekalia ngazi, nimekalia mkokoteni wa kabichi. Relini sijawahi. Leo utaruka."

Ukumbini karakana nzima ilikuwepo, na Gurin safu ya tatu, suti yake ya sherehe, funguo zile zile. Akatoa mfuko wa alizeti. Rimma, aliyekaa pembeni yake makusudi, akaunyakua kama mwewe.

"We kondakta! Mali yangu hiyo!"

"Mbegu ndani ya ukumbi, Taras Lukich? Unataka viti vibaki vitupu mwaka mzima? Muulize mtu yeyote hapa!" Na mtu wa safu ya nyuma akasema ni kweli, na wa safu ya mbele akageuka akamkazia macho. Gurin akanywea.

Pazia likafunguka. Kapa akaingia na shali yenye maua, nyonga moja juu moja chini, akasimama, akanusa hewa ya nyumba ya tajiri kama anayenusa supu kama imeiva. Hajasema neno. Ukumbi ukacheka. Lo! Ule mcheko ulimpiga kifuani kama upepo wa mtoni. Akaufungulia mdomo wake njia, ule mdomo uliomfukuzisha shule, uliomwachisha mume, na kwa mara ya kwanza maishani ukawa unakwenda mahali unapotakiwa!

Ikafika zamu yao wawili, mshenga na mfanyabiashara.

"Baba yangu," akasema Kapa. "Mimi sikuja kuomba."

Safu ya tatu, Gurin akaacha kujikuna.

"Anayeomba ana mkono mtupu. Mimi nimekuja kukuokoa."

Gurin akamwinamia Rimma. "Haya maneno nayajua."

"Kila mtu anayajua, Taras Lukich. Yana miaka mia."

"Sio hivyo. Nayajua... hivi karibuni!"

Jukwaani ukaja mlango na giza. Zikaja funguo za kiunoni. Safu za karakana zilishaanza kunong'onezana, maana habari ya ofisini Rimma alikuwa ameigawa bure tangu zamu iishe, na sasa vichwa vinageuka kimoja kimoja kumtazama mkuu. Mkuu amezishika funguo zake kwa mikono miwili. Akaja kunguru. Akaja mbwa. Na Venyamin Osipovich akavimba ndani ya ndevu zake, akapiga meza ngumi:

"Potea mbele yangu kabla sijabadili nia!"

"Simama hapo!" Gurin alikuwa wima. "Hayo ni yangu! Hayo nimeyasema mimi, leo, ofisini kwangu! Nani kampa huyo mzee?"

Ukumbi ukafa. Hata kikohozi hakuna.

Kapa akafungua mdomo. Hamna kitu. Kichwani kweupe kama uwanja wa theluji, hakuna hata unyayo. Neno linalofuata? Alilijua asubuhi, alilijua miezi. Sasa hivi halipo. Akamwona Gurin amesimama, akaliona gari la theluji, akauona msimu mzima wa theluji. Na katikati ya weupe ule akahisi makalio yake. Yalikuwa bado ya baridi, baridi ya reli, tangu asubuhi haikutoka. Nilikaa, akajiambia. Mimi nilikaa, tena vizuri, mbele ya tramu tatu!

Kicheko kikampanda. Akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akashika kiuno, akamtazama Gurin juu mpaka chini kama mshenga anavyomtazama baba mkaidi.

"Kaa chini, baba yangu," akasema. "Binti yako keshaolewa."

Ukumbi ulipasuka! Watu walipiga miguu, watu walipiga viti, bibi wa vitunguu kule juu aliita "Ooo!" mpaka taa kubwa ikatikisika. Gurin amesimama, mdomo wazi, mwekundu kama nyanya ya chupani. Halafu funguo zake zikaanza kulia, chwa, chwa, chwa. Watu wakadhani anatetemeka kwa hasira. Alikuwa anacheka. Akakaa, akajifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka.

"Endelea, mwanangu," mfanyabiashara akanong'ona ndani ya ndevu. "Endelea, endelea."

Neno likawa limesharudi, limekaa ulimini linasubiri. Akaendelea mpaka mwisho, hakukanyaga hata kokoto.

Baadaye, kwenye korido ya nyuma, watu wanakumbatiana na kutafuta viatu, Gurin alikuja amebana kofia kwapani. Hakuwa na maua. Alikuwa na swali.

"Zubova. Huyo Lyzhin. Alifanya kazi karakana gani?"

"Enzi zake tramu hazikuwepo, Taras Lukich."

"Sasa amenijuaje?"

Kapa akataka kumjibu kwa mzaha, akamwona usoni, akaacha. "Hata mama yangu alimjua. Nami sijui alipitia wapi."

Gurin akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Ulikwama pale."

"Nilikwama? Nilikuwa nakusubiri wewe umalize!"

"Ulinyamaza."

"Kwa heshima!"

"Alfajiri," akasema Gurin, na mdomo ulikuwa unamcheza. "Gari la theluji. Alfajiri moja tu, tumeelewana? Na mwambie kondakta wako arudishe alizeti zangu."

Alfajiri ile Kapa alitoka karakana na lile gari kuukuu, brashi zinanguruma, theluji inaruka pande zote mbili kama mbawa. Rangi ya jukwaani haikutoka yote, ilikuwa imebaki kwenye masikio. Hakuwa amelala. Alikuwa anasema maneno ya Ustinya kwa sauti kubwa, kuanzia mwanzo, na njia yote ilikuwa yake.

Pale uwanjani mkono wa Lyzhin ulikuwa mtupu. Sukari imekwenda. Kapa akapiga kengele mara moja kwa heshima yake.

Mwanamke aliyekuwa anafagia ngazi za ukumbi akainua kichwa, akamtambua. "We mshenga!" akapiga kelele. "Mbona unaozesha wengine tu? Na mimi nitafutie!"

Kapa akashusha kioo, baridi ikamjaa mdomoni.

"Una nini cha kwenda nacho?"

"Nina ufagio!"

"Unatosha, mama! Panda!"